Ruzuku ya mishahara midogo ni nini?

Mkulima wa Mbeya akisema ruzuku, anazungumzia mbolea: serikali imelipia sehemu ya bei ya mfuko, yeye kamalizia. Ruzuku hiyo hutangazwa, hutengewa bajeti, na kila mtu anajua nani kapewa. Ruzuku ya mishahara midogo haitangazwi popote. Ni pale kampuni kubwa inapomlipa mtu ujira usiomtosha kula wala kutibiwa, halafu serikali ikajazia pengo kwa kodi za wananchi. Fomu ya msaada ina jina la mfanyakazi, lakini nafuu inamfikia pia mwajiri wake, anayepata mtu wa kazi bila kugharimia maisha yake yote.

Mjadala huu umewaka zaidi Marekani. Huko kuna SNAP, mpango wa chakula ambao hadi 2008 uliitwa stempu za chakula na ambao leo hutumia kadi inayofanana na ya benki. Kuna pia Medicaid, bima ya afya ya serikali kwa wenye kipato kidogo. Wengi hudhani wanaopokea misaada hii ni watu wanaoshinda nyumbani. Oktoba 2020, GAO, ofisi ya ukaguzi inayolitumikia Bunge la nchi hiyo, ilitoa ripoti kutokana na takwimu za sensa za taifa na kumbukumbu za majimbo 11. Takwimu za sensa zilionyesha kwamba kati ya wapokeaji watu wazima waliokuwa na ajira, takriban asilimia 70 walifanya kazi saa 35 au zaidi kwa wiki. Katika kumbukumbu za majimbo, Walmart, kampuni ya maduka makubwa, na McDonald's, ya mikahawa, zilijirudia kwenye orodha za waajiri wao, jimbo baada ya jimbo. Ni kweli kwamba mwajiri mwenye watu wengi lazima atokee juu kwenye orodha ya namna hiyo. Hata hivyo, asilimia hiyo 70 inatosha kumwondolea mpokeaji tuhuma ya uvivu.

Mtazame keshia wa duka kubwa, mama wa watoto wawili. Zamu imeisha saa nane mchana. Anavua kizibao cha kazi, anachukua toroli, anapanga foleni kwenye kaunta ileile aliyosimama tangu asubuhi. Mchele, maziwa na mayai vinalipiwa na kadi ya SNAP. Sabuni na nepi kadi haigusi, kwa hiyo anafungua pochi. Kuku wa kuokwa ananukia pale karibu, ila kadi hiyo hainunui chakula cha moto. Atabeba kuku mbichi akampike mwenyewe, miguu ikiwa imevimba. Na fedha ya serikali imeingia kwenye droo ya mwajiri wake.

Kwa nini kazi haimtoshi? Kima cha chini cha mshahara cha serikali kuu ni dola 7.25 kwa saa, na hakijapandishwa tangu Julai 2009. Anayelipwa hivyo saa 40 kwa wiki, mwaka mzima bila kukosa, anapata dola 15,080. Mwaka 2024 mstari wa umaskini kwa familia ya watu watatu ulikuwa dola 25,820. Kampuni nyingi kubwa siku hizi hulipa zaidi ya kima hicho cha chini, lakini hapa ndipo pa kutazama kwa makini: saa. Keshia wetu akilipwa dola 14 na kupangiwa saa 25 kwa wiki, mwaka unaisha na dola 18,200. Tena sheria inaitaka kampuni kubwa kuwapa bima wanaofika saa 30 kwa wiki. Aliyewekwa chini ya hapo anabaki kuitegemea Medicaid.

Je, neno ruzuku linastahili? Wachumi hawakubaliani. Wapo wanaosema msaada unaopatikana hata bila kazi humpa mtu nguvu ya kukataa ujira duni, hivyo husukuma mishahara juu. Unaomsaidia mwajiri ni ule unaotolewa kwa mwenye kazi peke yake, kama nafuu ya kodi kwa wafanyakazi wa kipato cha chini iliyoanza 1975. Mimi naona hoja hiyo ina uzito, na ndiyo maana kukata msaada wa chakula hakuwezi kuwa dawa: anayelala njaa atapokea ujira wowote.

Mwaka 2018 Seneta Bernie Sanders na mbunge Ro Khanna walijaribu njia nyingine. Muswada wao ulitaka mwajiri mwenye watu 500 au zaidi atozwe kodi sawasawa na misaada wanayopokea wafanyakazi wake. Waliupa jina la kumlenga Jeff Bezos, mwanzilishi wa Amazon, kampuni ya biashara ya mtandaoni. Haukupita, lakini Oktoba mwaka huohuo Amazon ilitangaza kuanza kulipa angalau dola 15 kwa saa nchini humo.

Sasa mzigo umeelekezwa upande wa pili. Sheria iliyosainiwa Julai 2025 inawataka watu wazima wengi wasio na watoto wadogo wathibitishe saa 80 za kazi au shughuli nyingine zinazokubalika kila mwezi ili wabaki Medicaid, na majimbo mengi yalipewa hadi Januari 2027 kuanza. Saa 80 ni kama 18 na nusu kwa wiki. Jirani wa yule mama pale kaunta, asiye na mtoto, atazifikisha au hatazifikisha kulingana na ratiba ya zamu, na ratiba hiyo anaiandika meneja.