Kijana wako yuko tayari kutoka peke yake na punda?

Umri pekee haujibu swali hili. Yupo wa miaka 13 anayempeleka punda kisimani na kumrudisha salama, na yupo wa 16 ambaye bado. Hata kijana anayeshinda mbio za punda pale Lamu, ufukweni, mbele ya watu wanaomshangilia, hajaonyesha kwamba anaweza kutoka peke yake. Mbio hupima kasi na ujasiri. Safari ya peke yake humtaka ajue wakati wa kushuka, na mzazi anapaswa kuliona hilo kwa macho yake kabla ya kumruhusu.

Anzeni na mizani. Punda mzima wa Afrika Mashariki aghalabu ana kilo 110 hadi 150, na mzigo wa mgongoni usizidi theluthi moja ya uzito wake. Punda wa kilo 120, basi, mwisho wake ni kilo 40, ukijumlisha kijana, tandiko na chochote alichobeba. Kijana wa kilo 36 tayari amefika ukingoni. Wa kilo 55 angehitaji punda wa kilo 165 au zaidi, na hao ni wachache. Yeye amwongoze punda kwa miguu.

Madumu mawili ya lita 20 yakijaa ni kilo 40. Ndiyo maana tunasisitiza: kwenda kisimani kijana anaweza kupanda, kurudi na maji atembee. Anayekaa juu ya madumu mawili yaliyojaa humbebesha punda zaidi ya kilo 75. Tena uzito wote umepanda juu, hivyo dumu moja likiteleza, tandiko huzunguka na kijana huanguka upande ule ule madumu yanakoangukia.

Punda mwenyewe awe ametimiza miaka 4. Meno ya mbele husaidia kukadiria: jozi ya kwanza ya meno ya kudumu hutoka akiwa na miaka miwili na nusu hivi, ya pili mitatu na nusu, ya tatu minne na nusu. Jike mwenye mimba, ambayo huchukua takriban miezi 12, asipandwe miezi mitatu ya mwisho. Dume asiyehasiwa asikabidhiwe kijana aliye peke yake, hata awe mpole namna gani nyumbani. Akimnusa jike anayetaka dume, atamkimbilia au atapigana na dume mwingine, na kijana bado yuko mgongoni.

Jambo moja husahaulika sana. Punda hushikamana na mwenzake. Ukimtenga ghafla na yule anayelala naye kila siku, hulia, hugeuka njiani, na mara nyingine hutimka kurudi. Mpeni mazoezi ya kutengana kidogo kidogo, dakika tano, kisha kumi, akiwa na mtu mzima. Asipotulia, wapelekeni wote wawili, wa pili akiongozwa na mtu mwingine.

Tandiko ndilo chanzo cha vidonda vingi na cha maanguko mengi pia. Mabega ya punda ni ya chini na mgongo wake umenyooka, kwa hiyo tandiko huteleza kuelekea shingoni, hasa kwenye mteremko. Tafara, ule mkanda unaopita chini ya mkia, ndiyo inayolizuia. Uzungushieni kitambaa cha pamba ili usichubue. Tandiko liwe na mito miwili, mmoja kila upande wa uti wa mgongo, na katikati pabaki mfereji ambamo mkono wako unapita. Uti wa mgongo usiguswe na kitu kabisa. Kinacholala kwenye ngozi kiwe pamba au blanketi. Gunia la nailoni hutia joto na kuchubua, na kamba ya katani hukata. Mshipi wa tumboni uwe na upana wa sentimita 5 hivi au zaidi, ukazwe hadi vidole viwili tu vipite. Baada ya dakika tano za kutembea, kijana asimame aukaze tena, kwa sababu mito hushindiliwa na mshipi hulegea. Wengi hawafanyi hivyo, na wengi huanguka katika dakika hizo za mwanzo.

Hatamu ya kamba laini ya pamba inatosha. Lijamu la waya halifai hata kidogo: hukata ulimi na kumfundisha punda kuukimbia mkono. Vikuku vya kamba, vile vya kukanyagia mpandaji, visitumike, maana mguu hunasa na kijana huburutwa. Kwa sababu hiyo hiyo, kamba ya kuongozea isizungushwe mkononi wala kufungwa kiunoni. Ishikwe ikiwa imekunjwa ndani ya kiganja. Kichwani avae kofia ngumu. Ya wapanda farasi ndiyo bora, na isipopatikana, ya baiskeli ni afadhali kuliko kichwa kitupu.

Punda akiogopa, mara nyingi husimama kama mti. Watu huita huo ukaidi na kuchukua fimbo. Kumbe anapima hatari, na kumpiga humthibitishia kwamba hatari ipo. Kijana afundishwe kushuka, kusimama ubavuni karibu na bega, kumpa punda nusu dakika hadi dakika mbili aangalie, kisha kumwongoza kwa miguu kupita kile kilichomtisha. Asisimame nyuma yake kumsukuma. Hapo nyuma punda haoni, na teke lake hulenga vizuri.

Sasa jaribio lenyewe. Kijana amkamate punda bila kumkimbiza, asafishe kwato nne, atandike, afunge kamba kwa fundo linalofunguka kwa kuvutwa mara moja. Apande, amsimamishe kwa sauti na kigwe, kamba ya hatamu, ndani ya hatua nne, ashuke punda akiwa anatembea, kisha amgeuze kwenye njia panda kuelekea upande usio wa nyumbani. La mwisho hushinda wengi. Akifaulu siku tatu tofauti, mtu mzima amfuate njia nzima, kwanza mita 10 nyuma, baadaye mita 100. Mtu mzima huyo akilazimika kuingilia hata mara moja, safari ya peke yake isubiri.

Njia ya kwanza iwe ambayo punda ameshaipita mara nyingi, ya kwenda na kurudi ndani ya saa moja. Aondoke asubuhi na mapema jua halijawa kali, au alasiri kwa mpango wa kuwa nyumbani saa 11:30, kabla giza halijaingia. Mkubaliane njia na saa. Akichelewa dakika 30, mtu aifuate njia hiyo hiyo. Simu ikae mfukoni mwake, kamwe isiwekwe kwenye shogi, mfuko wa mizigo wa mgongoni mwa punda, kwa kuwa punda akitimka na simu imekwenda. Penye magari ashuke, ashike upande wa kushoto, na mwili wake uwe kati ya punda na magari. Wezi wa punda kwa ajili ya ngozi wamekuwepo katika nchi zetu. Viongozi wa Umoja wa Afrika waliridhia katazo la kuchinja punda kwa ajili ya ngozi Februari 2024, lakini kijana aelezwe waziwazi kwamba akivamiwa aachie kamba aondoke. Hakuna punda wa thamani ya mtoto.

Kabla ya yote hayo, angalieni kadi yake ya chanjo ya pepopunda. Vijidudu vyake hukaa kwenye udongo na kinyesi cha wanyama hawa, na jeraha dogo la msumari au kwato linatosha. Aking'atwa na punda, kidonda kioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo kwa sababu ya hatari ya kichaa cha mbwa. Akianguka na kugonga kichwa, kisha akatapika, akasinzia au akaongea bila mpangilio, asisubiri kesho.

Wakirudi, kijana avue tandiko na kupitisha kiganja mgongoni mote. Jasho linapaswa kuwa limesambaa sawasawa. Sehemu kavu katikati ya jasho, au inayomfanya punda ajikunje inapoguswa, ndipo tandiko lilipombana. Mto wa upande huo urekebishwe, na punda asipandwe mpaka pale pasimuume tena akiguswa.