Sort imekwama: dhana potofu kuhusu fork, bomba na dup2

Chukua mfano huu. Programu yako ya C ina orodha ya samaki waliopimwa Dunga, hapa Kisumu: omena, mbuta, ngege. Unataka kuipitisha kwa sort, programu ya kupanga mistari, ili ipangwe kialfabeti. Unaita pipe(fd) kutengeneza bomba, njia ya data yenye ncha ya kusomea, fd[0], na ya kuandikia, fd[1]; kisha fork, inayonakili programu yako (mzazi) kuwa mchakato wa pili (mtoto); na mtoto anaita execlp, mojawapo ya familia ya exec, ili ageuke kuwa sort. Kazi ni ndogo, lakini ndiyo inayowakwamisha wanafunzi wengi kwenye maabara.

Dhana: Alama za < na > zinaweza kupewa execlp.

Ukweli: Alama hizo ni za sheli, programu inayosoma amri unazoandika kwenye terminali. Ukiandika execlp("sort", "sort", "<", "samaki.txt", NULL), sort itatafuta faili inayoitwa "<", iikose, ilalamike na kutoka. Sheli ndiyo hufungua faili kabla ya kuita programu. Kwenye C kazi hiyo ni yako: open, dup2, close, ndipo exec.

Dhana: Mpangilio ndani ya dup2 hauna neno.

Ukweli: dup2 hunakili nambari moja ya faili au bomba lililofunguliwa juu ya nyingine: iliyopo hutangulia, inayobadilishwa hufuata. dup2(fd[0], 0) hufanya nambari 0, yaani ingizo la kawaida, kuwa nakala ya ncha ya kusomea. Ukigeuza ukaandika dup2(0, fd[0]), hutaona kosa lolote, na hapo ndipo hatari ilipo: ncha ya bomba imepotea, na sort inakaa kusubiri kibodi. Mzazi naye, akiwa amefunga fd[0] yake, akijaribu kuandika anauawa na SIGPIPE, ishara ya kuandika kwenye bomba lisilo na msomaji.

Dhana: Kufunga ncha usizotumia ni usafi tu.

Ukweli: Hili ndilo la kushika kuliko yote. fork humpa mtoto nakala za ncha zote mbili, na exec haizifungi, isipokuwa zimewekwa FD_CLOEXEC, alama ya kufungwa wakati wa exec. Msomaji huambiwa "data imekwisha" pale tu kila nakala ya ncha ya kuandikia, popote ilipo, imefungwa. Sort haiwezi kutoa hata mstari mmoja kabla ya kufika mwisho wa data, maana mstari wa mwisho huenda ndio wa kwanza kialfabeti. Basi mtoto akibaki na fd[1], sort inajisubiri yenyewe milele, hata kama mzazi amefunga yake. Kwenye mtoto weka hivi:

dup2(fd[0], 0);
close(fd[0]);
close(fd[1]);

Mzazi afunge fd[0] mara baada ya fork, na fd[1] akimaliza kuandika, kisha aite waitpid, kumsubiri mtoto amalize. Programu ikiganda kwenye Linux, fungua terminali nyingine uandike ls -l /proc/4172/fd, ukiweka nambari ya mchakato (PID) wa mtoto wako badala ya 4172. Ukiona 0 -> pipe:[58213] na chini yake 4 -> pipe:[58213], umempata mkosaji: hiyo 4 ni ncha ya kuandikia iliyosahaulika.

Dhana: Unapotaka matokeo ya mtoto, msubiri kwa waitpid kwanza, kisha usome.

Ukweli: Bomba la Linux kwa kawaida hubeba baiti 65,536. Likijaa, mtoto anasimama kwenye write huku mzazi amesimama kwenye waitpid, na hakuna atakayesogea. Orodha ya samaki wa siku moja itapita salama. Ya mwaka mzima itaganda. Soma mpaka read irudishe 0, ndipo usubiri.

Dhana: printf hutoa maandishi papo hapo.

Ukweli: Kwenye terminali hutoka mstari kwa mstari. Kwenye bomba au faili hukaa kwenye bafa, hifadhi ya muda ya kumbukumbu, mpaka ijae, na fork hunakili bafa hiyo pia, ndiyo maana kichwa cha ripoti huonekana mara mbili. Ita fflush(stdout), inayomwaga bafa hiyo, kabla ya fork. Na exec ikishindikana, mtoto atoke kwa _exit(127), si exit, kwa sababu exit humwaga bafa aliyorithi.