Je, wajua kwa nini mgodi wa chumvi wenye ziwa ndani yake hauyeyuki?

Acha kopo la chumvi wazi jikoni wakati wa masika, kesho yake kijiko kitagoma. Chumvi imelowa, imeshikamana, chini ya kopo kuna majimaji, na hakuna aliyemwaga kitu. Ni hewa tu. Ndiyo maana wengine hutia punje chache za mchele ndani ya kopo, zivute ule unyevu.

Sasa, kusini mwa Poland kuna mji mdogo unaoitwa Wieliczka, kilomita kama 14 kutoka Kraków, ambao chini yake pamechimbwa chumvi tangu karne ya 13. Mahandaki yake yakiungwa moja kwa moja yanapita kilomita 240. Yamepangana kwa tabaka tisa, na la chini kabisa liko mita 327 chini ya mitaa ya mji. Kuta ni chumvi, dari ni chumvi, na sehemu nyingi hata sakafu unayokanyaga ni chumvi. Na ndani ya chumvi hiyo mna maziwa. Katika chumba kimoja, kinachoitwa Erazm Barącz, maji yana kina cha mita tisa, rangi ya kijani, yametulia tuli. Kopo la jikoni linalowa kwa hewa ya usiku mmoja, na mgodi huu una maji tumboni na bado umesimama baada ya miaka 700. Inakuwaje?

Kuhusu ziwa, jibu liko kwenye kikombe cha chai. Mtoto akiachiwa bakuli la sukari, kijiko cha kwanza kitayeyuka, cha pili kitayeyuka, lakini itafika mahali sukari inatuama chini hata akoroge mpaka mkono uchoke. Maji yameshiba. Ziwa la Wieliczka nalo limeshiba: lita moja ya maji yake ina karibu gramu 320 za chumvi, ilhali lita ya maji ya Bahari ya Hindi ina kama gramu 35. Haliwezi kumega ukuta kwa kuwa halina pa kuiweka hiyo chumvi. Mgodi wa chumvi hauogopi maji ya chumvi. Unaogopa maji baridi, yale ya mvua na ya chemchemi, ambayo hufika yakiwa na njaa.

Hapo ndipo swali lenyewe linapokuwa gumu. Maji baridi yamezuiwa na nani muda wote huo?

Inabidi turudi chumvi ilikotoka. Anayeijua Bagamoyo, au Gongoni kule kaskazini ya Malindi, ameshaona majaruba ya chumvi: bamvua inaleta maji ya bahari, maji yanafungiwa kwenye vitalu vya kina kifupi, jua na upepo vinafanya kazi, na kinachobaki chini ni ukoko mweupe. Takriban miaka milioni 13 na nusu iliyopita jambo hilohilo lilitokea Poland, ila bila mtu na kwa kipimo cha bahari nzima. Sehemu ya bahari iliyokuwa mbele ya milima ya Karpati ilibanwa, ikawa haipati tena maji mapya ya kutosha, ikakaukia palepale. Juu ya chumvi yake yakaja matope mazito, yakageuka udongo wa mfinyanzi. Kisha milima ikaendelea kusukuma kutoka kusini, tabaka za chumvi zikajikunja kama mkeka, na zile za juu zikakatikakatika kuwa mabonge makubwa yaliyozama ndani ya udongo huo.

Udongo wa mfinyanzi ndio mlinzi. Haupitishi maji kirahisi, kama ajuavyo yeyote aliyewahi kuona mvua ikituama shambani wiki nzima. Na chumvi yenyewe inajisaidia: chini ya uzito mkubwa haipasuki kama jiwe la kawaida, inajongea polepole, na ufa ukitokea hubanwa ukafunga. Mwamba usio na nyufa hauna mlango wa maji.

Mabonge yale yanaeleza kitu kingine, ambacho wageni wengi hupita wasikishangae. Kumbi za Wieliczka hazifanani hata kidogo. Hii ndefu na nyembamba, ile ya duara, nyingine imepinda kama kiatu. Mchimbaji wa zamani hakuchora ramani ya ukumbi. Alilikuta bonge la chumvi, akalifuata linakoelekea mpaka likaisha, akahamia jingine. Kwa hiyo ukisimama kwenye ukumbi wenye dari mita 30 juu ya kichwa chako, umesimama ndani ya umbo la bonge ambalo watu walishalila zamani, na mkate na nyama.

Waligunduaje? Kwa kisima. Maelfu ya miaka kabla ya mgodi, watu wa pale walikuwa na chemchemi za maji ya chumvi, wakiyachota na kuyachemsha kwenye vyungu mpaka ibaki chumvi tupu. Mwenyeji wa Kigoma hahitaji kuelezwa: Uvinza, karibu na mto Malagarasi, kazi hiyohiyo ya chemchemi na vyungu ina zaidi ya miaka 1,000. Tofauti ni kwamba chemchemi za Wieliczka zilikauka. Watu wakayafuata maji chini kwa visima, na katika kuchimba, sururu zikagonga chumvi ngumu kama jiwe.

Wenyewe wana hadithi tamu zaidi. Wanasema Kinga, binti wa mfalme wa Hungaria, alipokwenda kuolewa Poland alitupa pete yake ndani ya mgodi wa chumvi wa kwao, na alipofika ugenini akaagiza wachimbe mahali fulani. Bonge la kwanza lililotoka, walipolipasua wakaikuta pete. Pete sijui, lakini Kinga alikuwepo kweli, aliolewa na Bolesław, mtawala wa Kraków, katika karne hiyohiyo ya 13, na leo ndiye mtakatifu wa wachimba chumvi. Hadithi ya namna hiyo ina maana ukikumbuka chumvi ilikuwa nini wakati huo. Hakuna friji, na nyama ya majira ya baridi haikai vizuri bila chumvi, kama vile ng'onda na papa wa kwetu wasivyokaa bila chumvi. Katika karne ya 14, enzi za mfalme Kazimierz Mkuu, karibu theluthi ya mapato ya hazina yake ilitoka kwenye chumvi.

Safari yenyewe ni ya siku moja, na nusu ya siku inatosha. Treni kutoka Kraków haichukui hata saa moja. Huruhusiwi kuingia peke yako, lazima uwe na kundi na muongozaji, na baada ya njiapanda tatu za kwanza utaelewa kwa nini. Mnaanza kwa kushuka ngazi 380 za mbao ndani ya shimo la Daniłowicz, la karne ya 17, zinazozunguka na kuzunguka mpaka mnafika tabaka la kwanza, mita 64 chini. Mbele kuna ngazi nyingine, jumla 800 hivi kwa matembezi yote, na mahali pa chini kabisa wanapofika wageni ni mita 135. Mwenye magoti mabovu ajipime kabla ya kukata tiketi. Chini hali ya hewa haibadiliki na misimu: nyuzi 14 hadi 18 Januari, nyuzi 14 hadi 18 Julai. Beba sweta hata kama juu watu wanatembea na fulana.

Kitakachokushangaza kwanza ni rangi. Uliyetegemea kuta nyeupe kama sukari unakuta mwamba wa kijivu, mahali pengine unaelekea kijani, kwa ajili ya mchanga na udongo uliochanganyika na chumvi. Unafanana na jiwe la barazani. Wageni hawaamini mpaka walambe, na waongozaji wamezoea. Utaona mtu mzima na tai yake amesogeza ulimi ukutani, anageuka anacheka. Ni chumvi kweli, kali, yenye ladha ya udongo kidogo mwishoni.

Cha pili ni mbao. Kumbi kubwa zimeegemezwa kwa magogo mazima yaliyopangwa msalabamsalaba mpaka darini, matimba ya kumfanya mchimbaji wa Geita avue kofia. Katika chumba cha Michałowice yanapanda kama mita 35. Yanahitajika kwa sababu ile tabia ya chumvi ya kujongea ni baraka yenye gharama: inafunga nyufa, na pole pole inataka kufunga ukumbi pia. Lakini kwa nini ni mbao? Kwa sababu chuma humu ndani huliwa na kutu, na mbao zinafanywa kile kinachofanywa papa. Zinakolea chumvi, zinakauka, mchwa na ukungu havizitaki. Gogo la miaka 200 ukiligonga linalia kama jipya.

Kazi ilikuwa ya hatari, na si kwa sababu ya miamba kuanguka tu. Gesi ya methani ilikuwa ikijikusanya chini ya dari. Wanaume wachache waliovaa nguo zilizolowa maji walitangulia wakitambaa tumbo chini, mikononi wameshika fimbo ndefu zenye moto, wakiichoma gesi kidogokidogo kabla haijawa nyingi ya kulipuka. Waliitwa watubu, kwa kutambaa kule kama watu wanaotubu dhambi. Farasi nao walishushwa kuzungusha mitambo ya kuvutia mizigo, na wengi waliishi humohumo. Wa mwisho, jike aliyeitwa Baśka, alipandishwa juu mwaka 2002. Chumvi ilichongwa iwe na umbo la pipa, ili bonge lenye uzito wa tani nzima liweze kubingirishwa.

Kisha mnafika kwenye kanisa la Mtakatifu Kinga, mita 101 chini ya ardhi. Lina urefu wa mita 54, na kila kitu ni chumvi: madhabahu, sanamu, sakafu iliyochongwa ionekane kama vigae, hadi fuwele zinazoning'inia kwenye taa. Kazi ilianza 1896 na ilichukua zaidi ya miaka 60, ikifanywa na wachimbaji wenyewe, ndugu wawili Józef na Tomasz Markowski, na baada yao Antoni Wyrodek. Karamu ya Mwisho aliyoichonga Wyrodek ukutani imezama sentimita chache tu, lakini ukirudi nyuma hatua kumi unaona chumba chenye kina kirefu. Kila mtu huipiga picha, na ni haki yake.

Mimi ningekuomba ukumbuke zaidi lile kanisa dogo mlilopita awali, la Mtakatifu Antoni, la karne ya 17, ambalo watu hulipita haraka. Nalo lina sanamu za chumvi. Ziangalie nyuso. Pua zimekwisha, macho yamejaa, vidole vimeungana, kama sabuni iliyoogesha familia nzima. Hakuna aliyezimwagia maji. Liko karibu na shimo la kushukia, na kwa karne kadhaa hewa ya juu, yenye joto na unyevu wa kiangazi, imekuwa ikiingia na kugusa chumvi ya baridi. Unyevu wa hewa ukizidi asilimia 75 hivi, chumvi inaanza kuunywa. Ni lile kopo la jikoni.

Kwa hiyo mlinzi wa udongo alizuia maji ya nje, lakini binadamu alipotoboa shimo la kuingilia alimletea mgodi adui wa pili, na alipoleta wageni akamletea wa tatu: pumzi zao. Mwaka 1978 Wieliczka iliingia kwenye orodha ya kwanza kabisa ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Mwaka 1989 ikawekwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini, kwa sababu ya unyevu huohuo. Ilitolewa humo mwaka 1998, baada ya kuwekwa mitambo inayokausha hewa kabla haijaingia. Punje za mchele za mgodi, tuseme.

Na maji ya nje hayajakata tamaa. Mwaka 1868, wakitafuta chumvi za potasi, wachimbaji walitoboa handaki likapita mpaka wa mwamba wa chumvi, maji yakaingia kwa nguvu na mji ukatishika. Aprili 1992 ikawa zamu ya handaki liitwalo Mina: maji baridi yalibubujika yakibeba mchanga na matope, na huko juu ardhi ikadidimia, reli ikapinda, kuta za nyumba ya watawa zikapata nyufa. Ilichukua miaka kuziba. Mwaka 1996 uchimbaji wa biashara ulisimamishwa, bei ya chumvi ilikuwa imeanguka na mgodi ulikuwa unavuja. Wachimbaji hawakuondoka wote. Wanaendelea kushuka kila siku kujaza mashimo ya zamani, kukaza matimba, na kukusanya maji yanayochuruzika kutoka nyufani.

Kurudi juu ni kwa lifti ya wachimbaji, kizimba chembamba cha ghorofa kadhaa ambamo mnabanana bega kwa bega, giza, na upepo unapenya miguuni. Ukitoka, dukani wanauza chumvi ya Wieliczka kwenye vifuko vidogo. Haijachimbwa na mtu. Ni yale maji yaliyovuja: yanapigwa pampu hadi juu kabla hayajamega zaidi, yanachemshwa kama yalivyochemshwa kwenye vyungu vya zamani, na kile yalichokuwa yameiba kinarudishwa, kikiwa cheupe sasa, tayari kwa mezani. Ukinunua kifuko, kifunge vizuri kabla hujafika pwani.