Mann: kumwachia mateka bila fidia

Katika fiqhi ya vita, mann ni kiongozi aliyeshinda kumwachia huru mateka wa adui bila kumtoza chochote. Akitozwa mali, au akabadilishwa na mateka wa upande wa pili, hiyo ni fidia. Njia zote mbili zimetajwa katika Sura Muhammad, aya ya 4. Kwa madhehebu ya Shafi, yenye wafuasi wengi pwani ya Afrika Mashariki, imamu, yaani kiongozi wa Waislamu, ndiye anayeamua, kwa kuangalia maslahi ya umma wake.

Linalosahaulika ni kwamba hiari hiyo ina wakati wake. Mateka wakishagawiwa wapiganaji, kiongozi hubaki na kauli juu ya fungu lake tu. Mengine lazima ayaombe. Vita vya Hunayn, mwaka wa 8 Hijria (630), vyaonyesha vizuri. Wahawazini, kabila la Waarabu lililopigana na Waislamu, walikwenda vitani na wake, watoto na mifugo, wakashindwa, na mateka wakafika kiasi cha 6,000. Mtume (s.a.w.) aliwangoja Ji'rana, karibu na Makka, siku kumi na kitu kabla ya kugawa. Ujumbe wao ukaja mgao umekwisha. Akawaambia wachague watu wao au mali yao, si vyote viwili, nao wakachagua watu.

Aliachia fungu lake na la ukoo wa Abdul Muttalib. Muhajirina (waliohama Makka) na Ansari (wenyeji wa Madina) wakafuata. Al-Aqra bin Habis na Uyayna bin Hisn wakakataa kwa niaba ya makabila yao. Abbas bin Mirdas alikataa pia, lakini Banu Sulaym, watu wake mwenyewe, wakamkana palepale. Asiyetaka kutoa bure aliahidiwa ngamia sita kwa kila mateka, kutoka ngawira ya kwanza itakayopatikana. Sauti za umati kwamba wameridhia hazikutosha: watu walirudishwa kwa wasimamizi wao, na hao ndio walioleta jibu. Katika umati, nani angejua aliyenyamaza kwa kuona haya?

Mann yaweza pia kufungwa na sharti. Baada ya vita vya Badri (624) fidia ilikuwa dirham 1,000 hadi 4,000, na fukara aliyejua kuandika alifundisha watoto kumi. Abu Azza, mshairi maskini mwenye mabinti, aliachiwa bure kwa ahadi kwamba hatasaidia tena vita dhidi ya Waislamu. Akavunja ahadi, akakamatwa tena baada ya vita vya Uhud, akaomba ahurumiwe kama mwanzo. Safari hii alinyimwa, akauawa.