Kwenda nje kumchukua mtoto wa kuasili: hiyo safari hasa maana yake nini

Watu wengi wakisikia fulani kasafiri kwenda kumchukua mtoto wa kuasili ng'ambo, yaani mtoto wa wengine anayemfanya wake kisheria, wanadhani kaenda kituo cha yatima, kachagua mtoto, kapanda naye ndege. Wapi! Mpaka mtu anakata tiketi kazi kubwa inakuwa imeshaisha zamani, afisa ustawi wa kwao kashamtembelea nyumbani, kaangalia kipato, afya, rekodi za polisi, kaandika ripoti, na nchi ya mtoto nayo imeshapitia faili ikasema sawa, huyu mtoto anaweza kwenda kwa hawa. Kwa utaratibu mtoto ndo anatafutiwa wazazi, sio wazazi kutafutiwa mtoto, japo ukisoma matangazo ya ma-ejenti unaweza ukadhani ni kinyume.

Sasa safari yenyewe. Kinachowachanganya watu ni kwamba kuna ruhusa tatu na kila moja ina mwenyewe. Kuna mahakama au ofisi inayokufanya uwe mzazi kisheria. Kuna uhamiaji wa nchi ya mtoto, hao ndo wanaomruhusu atoke. Halafu kuna ubalozi wa nchi yako unaompa viza ya kuingia. Hakuna anayemwamrisha mwenzake hapo, unaweza ukawa baba halali kabisa wa mtoto, hati unayo mkononi, na bado ukarudi peke yako.

China ndo mfano wa mambo yakienda vizuri. Mmarekani alikuwa anaruka mpaka makao makuu ya mkoa aliko mtoto, tuseme Changsha au Nanchang, anakabidhiwa mtoto kwenye ofisi ya serikali au hata hapo hapo hotelini, usajili unafanyika, wanasubiri pasipoti ya mtoto itoke, halafu wote wanaenda Guangzhou kwa sababu ubalozi mdogo wa Marekani wa kule ndo uliokuwa unashughulikia viza za watoto wa kuasili. Kuna hoteli moja kule, White Swan, ilikuwa imejaa Wamarekani wanasukuma vigari vya watoto utadhani kliniki. Kama wiki mbili hivi yote yameisha. Na mtoto alikuwa anasafiri na pasipoti ya Kichina, lakini akishapita uhamiaji Marekani anakuwa raia hapo hapo, kutokana na sheria iliyoanza kutumika Februari 2001, mradi wazazi wawe wamekamilisha kuasili huko huko. Kwa njia hiyo watoto zaidi ya 80,000 walienda Marekani tangu miaka ya 90. Mwaka 2024 China ikafunga mlango, ikabakiza wageni wanaoasili watoto wa ndugu zao wa damu au wa wenzi wao basi.

Mambo yakienda vibaya, tazama Kongo. Septemba 2013 uhamiaji wa Kinshasa, DGM, walisimamisha vibali vya kutoka kwa watoto walioasiliwa na wageni, wakidai kuna ulaghai kwenye nyaraka na hofu ya usalama wa watoto wakishafika huko. Mahakama zilikuwa zimeshatoa hukumu, wengine walikuwa na viza tayari, mamia ya familia za Marekani na Ulaya zikakwama. Kuna wazazi walihamia Kinshasa kukaa na watoto, wengine wakawa wanatuma hela ya matunzo kila mwezi na kumwangalia mtoto wao anakua kwenye picha za simu. Kundi kubwa lilikuja kuruhusiwa mwanzoni mwa 2016. Mimi nawaonea huruma wale wazazi, lakini siwezi kusema Kongo walikosea kushtuka, maana biashara ya karatasi za watoto ilikuwepo kweli.

Uganda nao walikuwa na lao. Sheria ilimtaka mgeni akae nchini miaka mitatu akimlea mtoto kwanza, mawakili wakapata kichochoro, wanaomba Mahakama Kuu amri ya ulezi tu, mtoto anaondoka na mlezi, kuasili kwenyewe kunafanyikia Marekani. Marekebisho ya 2016 yakaziba, ulezi ukawa wa raia wa Uganda tu, na mgeni anatakiwa kukaa mwaka mmoja.

Mkataba wa The Hague wa 1993 ulikuja kwa ajili ya vurugu kama hizo. Unasema nchi ya mtoto iangalie kwanza kama anaweza kulelewa kwao, na nchi anakoenda ithibitishe mapema kwamba ataruhusiwa kuingia na kukaa, kabla hajakabidhiwa kwa mtu. Kenya imo, ila toka 2014 ilisimamisha kuasili kwa kwenda nje. Tanzania haimo, na Sheria ya Mtoto ya 2009 inamtaka mgeni awe ameishi nchini miaka mitatu mfululizo, kwa hiyo ile ya kuja na kuondoka na mtoto haipo. Dunia nzima kuasili kwa kuvuka mipaka kumepungua, Marekani ilipokea karibu watoto 23,000 mwaka 2004, ila 2023 ni 1,275.

Sasa ndugu zetu wa diaspora, hapa ndo mnapoumia. Dada kafariki Mwanza, kaacha mtoto, ukoo umekaa ukakubaliana mjomba aliyeko Texas amchukue. Kwetu hilo limeisha. Marekani wao wanauliza baba yake yuko wapi? Maana kwa nchi isiyo kwenye mkataba, yatima kwao ni asiye na wazazi wote, au waliotoweka au kumtelekeza, au amebaki na mzazi mmoja asiyeweza kumtunza ambaye ameridhia kwa maandishi, tena bila kurudi nyuma, mtoto aasiliwe na aondoke nchini. Baba yupo Geita anafanya kazi zake, hata kama hatumi senti? Hiyo kesi ngumu. Na maombi kwa kawaida yawasilishwe kabla mtoto hajafika miaka 16, kwa hiyo familia inayongoja amalize form four kwanza ndo waanze kuulizia, mara nyingi inakuta muda umeshapita.