Je, wajua kwa nini parokia huuliza jumuiya yako kabla ya kumbatiza mtoto?

Hamia Tabora mjini, panga chumba Isevya au Ipuli, kisha nenda ofisi ya parokia kuandikisha ubatizo wa mtoto. Swali la kwanza litakuwa: "Mko jumuiya gani?", yaani kile kikundi kidogo cha Wakatoliki majirani wanaosali pamoja. Hata kama unasali kila Dominika na kwaya nzima inakujua, bila barua ya mwenyekiti wa jumuiya huenda ukarudishwa nyumbani.

Wengi wana jibu tayari: jumuiya ni njia ya kukusanyia michango. Jibu hilo limeenea kwa sababu michango ndiyo inayoonekana. Zaka hupitia huko, ujenzi wa kanisa huko, rambirambi huko. Lakini michango iliikuta jumuiya, haikuizaa. Maaskofu wa AMECEA, umoja wa mabaraza yao katika Afrika Mashariki, walipozipa jumuiya ndogondogo kipaumbele mwaka 1973 na tena 1976, walitaka Kanisa liishi pale watu wanapoishi na kufanya kazi, lisiishie kwenye jengo. Wapo pia wanaosema zilinakiliwa kutoka nyumba kumi za TANU, vikundi vya mtaani vya chama tawala cha enzi hizo. Zinafanana kweli, hata kwa ukubwa, ila kufanana peke yake si ushahidi. Maaskofu wa Kongo, ambako TANU haikuwapo, walikuwa wakizungumzia jumuiya hai tangu 1961.

Jumuiya si chama cha kitume pia. WAWATA (Wanawake Wakatoliki Tanzania), Lejio ya Maria au kwaya unajiunga ukipenda. Jumuiya unaipata kwa mahali unapolala, upende majirani zako usipende. Parokia yenyewe, kwa kanuni ya 518 ya Sheria ya Kanisa ya 1983, kwa kawaida ni eneo pamoja na waamini wote waliomo, na jumuiya ni kipande cha eneo hilo.

Sasa barua. Kanuni ya 868 inadai kuwe na tumaini la kweli kwamba mtoto atalelewa katika imani. Likikosekana kabisa, ubatizo huahirishwa. Paroko mwenye maelfu ya waamini atalijuaje? Hufanya kama mwenye duka la mtaani anayeombwa unga kwa mkopo na mtu mgeni. Haangalii nguo. Anauliza, "Unakaa kwa nani?", kisha anamwendea huyo aliyetajwa. Kwa paroko, huyo ni mwenyekiti. Amekuona uani kwa watu, umekaa mkekani, Injili ya Dominika ikisomwa na daftari la mahudhurio likipita mkono kwa mkono. Anajua nani anauguliwa, nani kafiwa, nani anaishi na mwenzake bila ndoa. Kwenye ndoa ni vivyo hivyo: kanuni ya 1069 inamtaka kila mwamini anayejua kizuizi akiseme kabla ya siku yenyewe, na kama bwana harusi ana mke Urambo, majirani ndio watakaokuwa wamesikia.

Panaponiuma ni pale barua inaponyimwa kwa sababu ya deni la mchango. Hilo hutokea, na halina utetezi. Kanuni ya 848 inasema wahitaji wasikose sakramenti kwa sababu ya umaskini wao. Aliyezuiwa kwa deni aende moja kwa moja kwa paroko aeleze hali yake. Na mgeni ambaye jumuiya haijamfahamu bado, aombe barua ya utambulisho kutoka parokia aliyotoka.