Makamu wa Rais: ubishi wa kijiweni Mbeya na ukweli wake

Bodaboda wa Kabwe wakikosa abiria hawakosi mada, na tangu uchaguzi wa Oktoba 2025 mada inayorudi kila mara ni Makamu wa Rais. Nani alikuwa wa kwanza, nani alitimuliwa, kwa nini safari hii katoka Bara. Wanaobishana si watu wasiojua mambo. Aliyemaliza darasa la saba miaka ya sabini anakumbuka Makamu wa namna moja, na aliyepiga kura yake ya kwanza mwaka 1995 anakumbuka wa namna nyingine kabisa. Kila mmoja anasema kweli ya kipindi chake, kisha anaitandaza miaka yote tangu Uhuru. Kosa linaanzia hapo.

"Umakamu ni kiti cha Wazanzibari"

Hii ndiyo inayosikika kuliko zote, na ukitazama miaka ya 1995 hadi 2021 huwezi kumlaumu anayeisema. Omar Ali Juma, Ali Mohamed Shein, Mohamed Gharib Bilal, Samia Suluhu Hassan: wote wanne ni Wazanzibari. Kijana aliyezaliwa Mwanjelwa mwaka 1994 alifika utu uzima bila kumwona Makamu wa asili nyingine.

Lakini ibara ya 47 ya Katiba haijampa Mzanzibari kiti hicho. Inasema Rais akitoka upande mmoja wa Muungano, Makamu atoke upande wa pili, basi. Mkapa, Kikwete na Magufuli walitoka Bara, kwa hiyo Makamu wao walitoka Visiwani. Samia alipoapishwa kuwa Rais tarehe 19 Machi 2021 kibao kikageuka. Mwezi haujaisha, Philip Mpango, mtu wa Buhigwe mkoani Kigoma, akala kiapo cha umakamu, na baada ya uchaguzi wa 2025 akafuata Emmanuel Nchimbi.

Wala haikuwa mara ya kwanza. Ali Hassan Mwinyi, Mzanzibari, alitawala kuanzia 1985 hadi 1995, na Makamu wake wa Kwanza wote walikuwa watu wa Bara: Joseph Warioba wa Mara, kisha John Malecela wa Dodoma, kisha Cleopa Msuya wa Mwanga. Wanasahaulika kwa sababu tunawakumbuka kama Mawaziri Wakuu. Walikuwa vyote viwili kwa wakati mmoja, na hapo ndipo historia ya kiti hiki inaponoga.

"Nchi hii haijawahi kuwa na Makamu zaidi ya mmoja"

Imewahi, tena mara mbili, na mara ya pili mpangilio uligeuzwa juu chini.

Anza na 9 Desemba 1962, Tanganyika ilipokuwa Jamhuri. Rashidi Kawawa, aliyekuwa Waziri Mkuu tangu Januari mwaka ule baada ya Nyerere kujiuzulu nafasi hiyo, akawa Makamu wa Rais. Kwa hiyo anayesema Karume ndiye Makamu wa kwanza anasema kweli ya Tanzania, na anayesema Kawawa anasema kweli ya Tanganyika. Nimeona watu wakitaka kushikana mashati kwa hili, na wote wawili wako sahihi.

Muungano ulipozaliwa tarehe 26 Aprili 1964, Makamu wakawa wawili. Abeid Amani Karume, Rais wa Zanzibar, akawa Makamu wa Kwanza, na Kawawa akawa Makamu wa Pili. Usidanganywe na neno "wa Pili". Kawawa ndiye aliyeongoza shughuli za Serikali bungeni, kazi ambayo leo ni ya Waziri Mkuu, kwa sababu miaka hiyo cheo cha Waziri Mkuu hakikuwepo. Kilirudishwa Februari 1972, akapewa yeye yule Kawawa. Mzee anayekwambia kwamba zamani Makamu ndiye alikuwa bosi wa Bunge anamzungumzia Kawawa, Simba wa Vita, na hajakosea.

Mwaka 1985 Mwinyi alipoingia Ikulu, Makamu wakawa wawili tena, ila sasa Waziri Mkuu ndiye akawa wa Kwanza, na Rais wa Zanzibar akawa wa Pili. Idris Abdul Wakil alikaa katika nafasi hiyo hadi 1990, kisha Salmin Amour hadi 1995. Yaani kiti kilekile cha Rais wa Zanzibar, ambacho enzi za Karume kilikuwa na umakamu wa kwanza, kilishuka hadi wa pili kwa sababu tu Rais wa Muungano ametoka upande huo.

Kilichoufuta mpangilio huu ni vyama vingi. Mwaka 1992 mlango ulipofunguliwa likazuka swali ambalo chini ya chama kimoja halikuwa na maana: vipi Zanzibar ikichagua Rais wa chama kingine? Angekuwa Makamu wa Rais anayetaka kumng'oa, na siku Rais akifariki, chama kilichoshindwa kingejikuta kimeshika nchi. Marekebisho ya 11 ya Katiba, mwaka 1994, yakalimaliza kwa kuleta mgombea mwenza. Tangu uchaguzi wa 1995 unapomchagua Rais umemchagua na Makamu wake papo hapo, na Rais wa Zanzibar si Makamu tena kwa cheo chake. Amebaki mjumbe wa Baraza la Mawaziri la Muungano. Wako Wazanzibari ambao hadi leo wanaona walipunjwa hapo, na kwa maoni yangu hoja yao inastahili kusikilizwa kuliko inavyosikilizwa huku kwetu. Kwa upande wa Bara ilionekana ni suala la utaratibu tu, lakini kwao lilikuwa suala la hadhi ya mshirika aliyeingia Muungano akiwa nchi kamili.

"Sokoine naye alikuwa Makamu"

Hapana. Huenda uwanja wetu wa mpira wenye jina lake ndio unaompandisha cheo. Edward Sokoine alikuwa Waziri Mkuu mara mbili, 1977 hadi 1980, na tena kuanzia 1983 hadi ajali ya Dakawa, Morogoro, tarehe 12 Aprili 1984. Umakamu hakuwahi kuushika.

"Karume aliuawa akiwa Rais wa Zanzibar"

Kweli, ila nusu. Tarehe 7 Aprili 1972, pale Kisiwandui, aliuawa pia Makamu wa Kwanza wa Rais wa Jamhuri ya Muungano. Kila Aprili tunapumzika kazi kwa ajili ya Karume, na sijui ni watoto wangapi wa shule za Mbeya wanaoambiwa kwamba aliyekufa siku ile alikuwa pia kiongozi wao, si wa Visiwani tu. Nafasi zote mbili alizirithi Aboud Jumbe.

Jumbe mwenyewe ana yake. Vijiweni wanasema Nyerere alimfukuza. Kwenye kumbukumbu rasmi alijiuzulu, Januari 1984, baada ya kikao kizito cha Halmashauri Kuu ya CCM mjini Dodoma ambako suala la muundo wa Muungano lilimfika shingoni. Aliachia urais wa Zanzibar, umakamu wa Rais wa Muungano na umakamu mwenyekiti wa chama kwa mpigo. Ukisema alisukumwa, sikubishii. Ukisema alifukuzwa kwa barua ya Rais, hiyo haipo.

"Samia ndiye Makamu wa kwanza kuwa Rais"

Mwinyi alitangulia. Alikuwa Rais wa Zanzibar na Makamu wa Rais wa Muungano tangu 1984, na mwaka uliofuata akawa Rais. Tofauti ni njia. Mwinyi alipendekezwa na chama akapigiwa kura, Nyerere akiwa hai na akimkabidhi ofisi kwa mkono wake. Samia aliingia kwa ibara ya 37(5), Rais akiwa amefariki tarehe 17 Machi 2021. Kwa njia hiyo, ndiyo, yeye ni wa kwanza.

Siku zile mbili kati ya tangazo la msiba na kiapo nilisikia mengi. Wengine walisema Waziri Mkuu atashika, wengine Spika, wengine kwamba lazima uitishwe uchaguzi. Katiba ilishamaliza jambo: Makamu anaapishwa na anamalizia muda uliobaki wa miaka mitano. Hakuna uchaguzi katikati. Ila kuna kifungu kidogo ambacho wengi hawakijui: akimalizia miaka mitatu au zaidi, ana ruhusa ya kugombea mara moja tu. Ikiwa ni pungufu ya mitatu, mara mbili. Samia alimalizia zaidi ya minne, kwa hiyo kura ya 2025 ndiyo yake ya mwisho kikatiba.

"Rais akichoka naye anamtumbua"

Waziri anatumbuliwa, mkuu wa mkoa anatumbuliwa, hata Waziri Mkuu anaweza kuondolewa na Rais. Makamu hapana. Ameingia kwa kura ileile iliyomwingiza Rais, na Katiba haimpi Rais kalamu ya kumwondoa. Anaweza kujiuzulu, au Bunge likamwondoa kwa utaratibu wake wa mashtaka, ambao haujawahi kutumika.

Hata kumpata mpya katikati ya muhula si uteuzi wa Rais peke yake. Rais anashauriana na chama chake, anapeleka jina bungeni, na jina linahitaji kura zisizopungua nusu ya wabunge wote. Ndivyo alivyopita Shein mwaka 2001, Omar Ali Juma alipofariki akiwa madarakani tarehe 4 Julai. Ndivyo alivyopita Mpango, kwa kura zote 363. Na kwa kuwa Makamu hawezi kuwa Mbunge, jimbo lake la Buhigwe likabaki wazi na uchaguzi mdogo ukafanyika.

"Othman Masoud alikuwa Makamu wa Kwanza, kwa hiyo alimzidi Mpango"

Hapa kuna serikali mbili ndani ya sentensi moja. Tangu 2010 Zanzibar ina Makamu wa Kwanza na Makamu wa Pili wa Rais wa Zanzibar, zao la maridhiano ya Serikali ya Umoja wa Kitaifa. Maalim Seif Sharif Hamad alikuwa wa kwanza kushika ule wa Kwanza, na alifariki Februari 2021 akiwa ameurudia. Othman Masoud alimrithi. Vyeo hivyo havina mamlaka Chimala wala Tunduma.

"Kazi yake kukata utepe"

Utepe anaukata, sitabisha. Katiba inamwita msaidizi mkuu wa Rais katika mambo yote ya Jamhuri ya Muungano, na Rais asipokuwepo yeye ndiye anayeongoza Baraza la Mawaziri. Lakini mtu wa Nyanda za Juu Kusini hahitaji Katiba kujua uzito wa ofisi hii. Aulize watu wa wilaya ya Mbarali.

Mazingira yako chini ya Ofisi ya Makamu wa Rais, na Mto Ruaha Mkuu ni suala la mazingira kuliko mito mingi nchini. Mito ya Usangu, kama Mbarali, Kimani na Chimala, inalisha mashamba ya mpunga, kinachobaki kinaingia ardhioevu ya Ihefu, kinatokea hifadhini Ruaha, kisha Mtera na Kidatu kunakozalishwa umeme. Kuanzia 1993 mto ulianza kukauka kiangazi ndani ya hifadhi, viboko wakibanana kwenye vidimbwi. Mwaka 2006, Shein akiwa Makamu, ofisi hiyo ilitoa mkakati wa hatua za haraka za kuhifadhi ardhi na vyanzo vya maji. Chini ya mkakati huo wafugaji na ng'ombe wao waliondolewa Usangu, wengi wakaelekezwa Lindi, safari ndefu iliyoua mifugo mingi na ambayo Rujewa bado inazungumzwa kwa hasira. Mwaka 2008 eneo la Usangu likaunganishwa na Hifadhi ya Taifa ya Ruaha. Mwaka 2017 Samia, naye akiwa Makamu, akazindua Iringa kikosi kazi cha kuunusuru mto uleule.

Unaweza kusema waliokoa mto, unaweza kusema waliumiza watu. Mimi naona yote mawili yana ukweli, na bila shaka ng'ombe hawakuwa wanywaji pekee wa maji yale, kwani mifereji ya mpunga nayo ilikunywa sana. Ila mwenye kusema ofisi hii haigusi maisha ya mtu hajawahi kukaa na mfugaji aliyefungashwa Ihefu.

"Huku kwetu hakujawahi kutoka Makamu"

Inategemea "kwetu" ni wapi. Kawawa alizaliwa wilaya ya Songea. Nchimbi aliwahi kuwa Mbunge wa Songea Mjini. Wataalamu wa kilimo wamezoea kuihesabu Ruvuma pamoja na Mbeya, Iringa na Rukwa katika kanda ya Nyanda za Juu Kusini, na kwa hesabu hiyo Makamu wa kwanza wa Jamhuri ya Tanganyika na Makamu aliyepo sasa wote wanaguswa na kanda yetu. Nilipolisema hili Kabwe, jamaa mmoja wa Tukuyu alikataa katakata: Songea ni Kusini, na Kusini si kwetu. Mwenzake wa Makambako akamuuliza mahindi ya Songea huwa yanapita wapi yakienda sokoni, na ubishi ukaanza upya.